AFYA KATIKA JAMAA: Nkambo ameanguka

Jambo hili mnalijua ninyi mnaokaa huku Annexe. Usiku umeme umekatika, nkambo anatoka kwenda chooni nyuma ya lupango, anakanyaga tofali, anaanguka. Hakuna damu. Asubuhi hawezi kusimama. Mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia inje. Huo si mshipa tu. Ni mfupa wa paja uliovunjika pale juu, penye nyonga.

Mara jamaa inakutana. Mmoja anasema: "Ameisha zeeka, tutamupeleka ku kisu ya nini? Atafia mule." Mwingine anataka kumukanda na maji ya moto. Wanamulaza, wanamupikia uji, wanangoja. Woga huo ninauelewa, na habari ya falanga pia. Lakini kinachoua wazee hawa mara nyingi si kisu, ni kitanda. Mzee asiyejigeuza anashikwa na ugonjwa wa mapafu, damu inaganda katika miguu, ngozi ya matako inaoza.

Kwa nini mfupa huo haupone sawa mkono wa mtoto? Ukivunjika penye shingo yake, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hukatika pia, na kichwa kinaweza kufa polepole. Ndiyo maana munganga mara nyingi anakitoa na kuweka kingine cha chuma. Ukivunjika chini kidogo ya hapo, damu ingaliko, basi anaukaza na chuma na misumari. Mara nyingi wanachoma sindano mgongoni, miguu inakufa ganzi, na nkambo anabaki akisikia sauti za watu.

Siku ndizo zenye bei. Kule Uingereza, mwaka 2010, walianza kuongezea hospitali malipo ikiwa, pamoja na mambo mengine, mgonjwa wa namna hii amepasuliwa kabla ya saa 36. (Hata kule karibu robo yao hawamalizi mwaka, kwa hiyo si muujiza.) Huku kwetu siku zinapotea juu ya kukusanya falanga. Basi mukutane siku ileile, na mukifika Sendwe ao hospitali ingine muulize bei yote mara moja: picha ya radio, chuma, damu, dawa. Na musimupandishe kwenye pikipiki, hata kama ni karibu! Mulaze juu ya mlango uliong'olewa, watu wanne wabebe.

Pengine munganga atakataa kupasua, kwa kuwa moyo ao mapafu yamechoka mno. Mumusikilize, lakini muombe dawa ya uchungu. Na nkambo mwenyewe aulizwe. Nimeona jamaa ikibishana juu ya kichwa chake siku tatu, hakuna aliyemuuliza neno.

Kisha operasyo anaweza kusema ovyo usiku, kuita watu waliokufa zamani. Vijana, musiseme ni ulozi. Akili ya mzee huvurugika juu ya uchungu, homa, kukosa maji, na mahali pageni. Muambieni munganga. Mumuite kwa jina lake, mumupe miwani yake na maji, na mtu anayemujua alale karibu.

Kesho yake watasema asimamishwe. Atalia. Mumushike mikono miwili, muachie akanyage.