Sinema Isiyopigwa Momela

Mgeni afikaye Momela, mkoani Arusha, akiisha kuyatazama maziwa yenye heroe na twiga wanaovuka njia bila haraka, aghalabu husimuliwa kwa fahari kwamba hapa ndipo Wamarekani walipopiga sinema ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, na kwamba John Wayne aliwafukuza vifaru kwa gari katika nchi hii. Ni kweli, wala fahari hiyo siikatai. Hardy Krüger, Mjerumani aliyecheza pamoja naye, alipendezwa na mahali hapa hata akanunua shamba akakaa. Ila katika hadithi ile Elsa Martinelli, binti wa Kiitaliano, alilea vitoto vya tembo akapata jina la Mama Tembo, ilhali wenyeji, kwa sehemu kubwa, walipewa kazi ya kupita nyuma yake.

Ajabu ni kwamba huko kwao Martinelli sinema ilikuwa imekwisha kushika njia nyingine. Mwaka 1948 Vittorio De Sica, katika Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, alimtwaa mfanyakazi wa kiwandani asiyepata kuigiza, Lamberto Maggiorani, akamfanya baba anayetafuta riziki katika mji wa Roma baada ya vita. Mke wa baba huyo anafungasha shuka za kitandani kwake na kuziweka rehani ili baiskeli ya mumewe, anayoihitaji kazini, ikombolewe. Karani anazipokea, na mwenzake anaparamia rafu mpaka karibu na dari ili kulisukumiza furushi lile katikati ya mafurushi mengine yasiyo na idadi, kila moja likiwa limetoka kitanda cha mtu. Hapasemwi neno juu ya ufukara. Kisha baiskeli inaibwa, na saa ile mwenyewe yupo juu ya ngazi akibandika ukutani tangazo la sinema ya Kimarekani lenye sura ya Rita Hayworth. Nadhani De Sica alikuwa akitabasamu hapo.

Mwaka uo huo Luchino Visconti aliwapiga picha wavuvi wa Aci Trezza, kisiwani Sicilia, wakisema lahaja yao wenyewe ambayo Waitaliano wengine hawakuielewa pasipo msimulizi. Jamaa moja yaweka nyumba rehani ili ijitoe katika dhulma ya wachuuzi wa samaki. Dhoruba yavunja chombo, na nyumba yapotea. Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, anayetajiwa bei na dalali ilhali mzigo unaanza kuoza juani, hahitaji mtu wa kumfasiria kisa hicho.

Na Ngarenanyuki, jirani kabisa na Momela, ina kisa chake kizito zaidi. Mwaka 1951, miaka kumi tu kabla ya vifaru wa John Wayne, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 na kuzichoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwadai watawala haki ya watu wake, naye wakili Earle Seaton akiwa msaidizi wake. Hatari gani nyingine mpiga sinema angeitafuta?

Si kila Mwitaliano aliyekuja aliona vema. Pier Paolo Pasolini alizunguka Uganda na Tanzania akitafuta nyuso za Kiafrika za kuvalisha tamthilia ya Wayunani wa kale. Alipowaonyesha picha zake wanafunzi wa Kiafrika huko Roma, baadhi yao walimkosoa bila kumwonea haya, na hilo, kwa heshima yake, aliliacha ndani ya sinema yenyewe. Alikuwa na nia njema, lakini aliazima sura zetu kwa kisa cha wengine.

Basi, enyi vijana wa Arusha mnaopiga sinema za harusi na za mapenzi, waliokuwa watoto siku nyumba zile zilipochomwa ni wazee sana sasa. Wafuateni mapema, wala msitafute waigizaji mashuhuri. Waacheni waseme Kimeru chao, na Kiswahili kiandikwe chini ya picha.