Ushahidi wa kiboko ni kiini macho

Mtetezi wa kiboko hahitaji vitabu, ana macho yake. Wiki iliyopita mtoto kapata 23 kwenye jaribio la hesabu, kachapwa, wiki hii kapata 41. Ushahidi gani tena? Mwenzake wa 88 alipigiwa makofi na darasa zima, safari hii kashuka hadi 70: sifa zimemlevya. Mwalimu anatoka darasani na nadharia kamili ya akili ya binadamu, kwamba maumivu hujenga na sifa hubomoa. Nadharia hiyo ni ya uongo tangu kwenye msingi.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliisikia miaka ya 1960 kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israel. Ukimsifu mwanafunzi kwa kurusha ndege vizuri, walimwambia, zamu inayofuata ataboronga. Ukimfokea aliyeboronga, atajirekebisha. Kahneman akaweka shabaha, akawataka kila mmoja arushe sarafu mbili akiwa ameipa mgongo. Wengi waliokaribia shabaha mara ya kwanza walikosea zaidi mara ya pili. Waliokosa vibaya wakasogea. Hakuna aliyesifiwa wala kufokewa. Matokeo mabaya kupita kiasi huwa na mkono wa bahati mbaya, na bahati mbaya haikai. Kwa kuwa fimbo hutoka siku hiyohiyo mbaya, inajitwalia sifa ya nafuu ambayo ingekuja yenyewe.

Msiniambie haya ni mahubiri ya watu laini. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa tabia, hakuwa laini. Nia, imani, dhamiri, vyote alikataa kuvikubali kuwa chanzo cha tabia. Alichokitafuta ni kilichomtokea mnyama, au mtu, baada ya kutenda. Kama kiboko kingepata wakili katika sayansi ya tabia, angekuwa yeye. Lakini katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1938, panya waliozoea kubonyeza wenzo ili wapate chakula walikatiwa chakula hicho, na baadhi yao wakawa wanapigwa miguuni na wenzo huohuo kwa dakika chache za mwanzo. Walipunguza kubonyeza, kweli. Kufikia mwisho wa siku ya pili, jumla ya mibonyezo yao ilikuwa imeifikia ile ya wenzao ambao hawakuguswa. Kipigo kiliichelewesha tabia tu. Skinner akawa mpinzani wa adhabu.

Mtoto naye hujifunza, ila si hesabu. Hujifunza zamu ni ya mwalimu yupi, dawati gani liko mbali na meza yake, na daftari la nani la kunakili kabla kengele haijalia. Tena kanuni za Tanzania zenyewe zinaruhusu viboko, visizidi vinne, kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kutojua saba mara nane kumekuwa utovu wa nidhamu tangu lini?

Inabaki ile hoja ya barazani: “Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.” Walichapwa pia walioacha shule darasa la tano, ila hao hatuwaiti kutoa ushahidi.