Machozi Si Upungufu wa Imani

Imeenea katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki dhana kwamba Mkristo aliyesimama vema na Mungu hana huzuni, na kwamba mwenye huzuni ya muda mrefu ama anaficha dhambi ama hana imani ya kutosha. Dhana hii, ambayo imepaliliwa na injili ya mafanikio, yaani mahubiri yanayofundisha kuwa afya na mali ni haki ya kila aaminiye, huonekana waziwazi katika kipindi cha ushuhuda: aliyepata kazi, viza au mtoto huitwa mbele akashangiliwa, ilhali mama ambaye mwanawe bado amelazwa hospitalini baada ya mfungo wa siku nyingi hubaki kimya kwenye benchi lake. Msibani nako mjane huambiwa anyamaze, amshukuru Mungu, hata kabla kaburi halijafukiwa. Huo ni ukatili, ingawa hutendwa kwa nia njema, na Maandiko yanayotajwa kuutetea hayautetei.

Andiko linalotajwa mno ni Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, ambao kweli umejaa furaha. Mstari wa 13 wa sura ya 4, unaohusu kuyaweza yote kwa nguvu za Kristo, hubandikwa kwenye vioo vya daladala na hukaririwa na wanafunzi waingiapo kwenye mtihani, kana kwamba ni ahadi ya ushindi. Lakini mistari inayoutangulia inaonyesha wazi kuwa mambo hayo yote ni pamoja na njaa na uhitaji, hali ambazo mwandishi, aliyekuwa kifungoni, alikuwa amejifunza kuzipokea pasipo kutetereka. Zaidi ya hayo, Epafrodito, aliyemletea msaada kutoka Filipi, aliugua nusura afe. Paulo hakumkemea mgonjwa huyo kwa kukosa imani wala hakujifanya hana uchungu. Katika sura ya 2 anakiri kwamba kifo cha ndugu huyo kingemwongezea huzuni nyingine juu ya ile aliyokuwa nayo. Ungamo hilo limo ndani ya waraka uleule wa furaha, na inasikitisha kwamba wahubiri wengi hulipita mbio.

Watetezi wa dhana hiyo hujibu kwamba Mtume aliagiza waamini wafurahi siku zote. Ni kweli, lakini ni yeye pia aliyewaagiza Wakristo wa Rumi walie pamoja na wanaolia, agizo ambalo lisingekuwa na maana kama kilio kingekuwa dhambi. Zaburi nazo zimesheheni maombolezo, yaani sala za mtu anayemlalamikia Mungu bila kumwacha, na Zaburi ya 88 huishia gizani, pasipo neno la ushindi. Kwa hiyo furaha ya Kikristo haiwezi kupimwa kwa uchangamfu wa uso. Msingi wake ni uhakika kwamba hasara haimtengi mtu na Mungu, na kuridhika ni tunda la uhakika huo, linalokomaa polepole kwa kujifunza. Wala kuridhika huko si kunyamazia dhuluma, kwa kuwa Paulo huyohuyo, baada ya kupigwa na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa kwa siri na kudai, kwa haki ya uraia wake wa Kirumi, kwamba wakuu wa mji waje wenyewe kumtoa.

Afrika Mashariki imewahi kuijua furaha ya namna hii. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika, ulijulikana kwa mikutano ambamo watu waliungama dhambi zao hadharani, wengine wakilia, na wenzao wakawaitikia kwa wimbo wa Tukutendereza Yesu. Uamsho huo ulikuwa na kasoro zake, hasa ukali wa baadhi ya wafuasi wake kwa Wakristo wengine, lakini kilichoshangiliwa pale kilikuwa msamaha, ambao hauchukuliwi na ukame wala na kufukuzwa kazi. Makanisa ambayo hadi leo yanajivunia urithi wa uamsho huo yanapaswa kuwaeleza waumini wao ni kwa idhini ya nani ungamo liliondolewa mbele ya kusanyiko, na nafasi yake ikapewa hesabu ya magari na viwanja.