WA TATU NDIYE ALIYELETA USHINDI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Msomaji mpenzi, methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, mwalimu akaweka vyema kwa kalamu nyekundu, nasi tukaisahau. Leo nataka tuipime kwa mchezo ambao wengi wetu tunaudharau: mbio za pikipiki katika matope na vilima, yaani motokrosi.

Najua mtanicheka. "Ati pikipiki katika jarida la Chama cha Kiswahili!" Ngojeni kidogo, jamani. Nina neno zito mwishoni.

Mchezo huu ulizaliwa Uingereza. Mnamo tarehe 29 Machi, 1924, vijana walikusanyika Camberley, kusini mwa nchi hiyo. Kabla ya hapo, mashindano ya nje ya barabara yalikuwa na waamuzi waliohesabu makosa: nani kaweka mguu chini, nani kakwama. Vijana hawa walitaka kasi tu iamue. Wakuu wa mchezo wakakataa mbio hizo zisiitwe kwa jina la zamani. Basi zikaitwa "skrambo", yaani purukushani, na jina likashika. Baadaye mchezo ulivuka bahari hadi Ulaya bara, na huko ukapewa jina la motokrosi: pikipiki za kukata mbuga.

Halafu vikaja Vita Vikuu vya Pili. Vilipokwisha mwaka 1945, Uholanzi na Ubelgiji zilikuwa zimetoka kukaliwa na majeshi ya Wajerumani. Lakini miaka miwili tu baadaye, 1947, Waholanzi waliwaalika majirani zao Wassenaar, karibu na mji wa The Hague. Yakafika mataifa matatu: wenyeji wenyewe, Wabelgiji na Waingereza. Huo ndio mwanzo wa Motocross des Nations, mashindano ya mataifa.

Sasa sikiliza vizuri hesabu yao. Kila nchi ilitoa waendeshaji watano, na muda wa watatu waliotangulia ndio uliojumlishwa. Uingereza ilishinda. Mwingereza Bill Nicholson alikuwa na kasi kuliko wote siku hiyo, na ungedhani ushindi ni wake. La hasha! Timu yake iliwapita Wabelgiji kwa sekunde 9 peke yake. Sekunde 9, ndugu msomaji! Mwalimu hajamaliza hata kuandika tarehe ubaoni. Kama Fred Rist na Bob Ray, wenzake wawili waliohesabiwa, wangelegea kidogo tu, Nicholson angerudi kwao na kasi yake na mikono mitupu.

Na jambo la kushangaza zaidi ni hili. Ubingwa wa Ulaya wa mtu mmoja mmoja ulianza mwaka 1952, akashinda Victor Leloup wa Ubelgiji. Ubingwa wa dunia ulikuja mwaka 1957, akauchukua Bill Nilsson wa Uswidi. Yaani mchezo huu ulikuwa na timu za mataifa kwa miaka mitano kabla haujawa na bingwa wa Ulaya!

Sasa lile neno zito. Nina rafiki tuliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Yeye alikwenda shule nyingine, ambayo sitaitaja. Alipokaribia kuingia kidato cha nne, aliambiwa atafute mahali pengine pa kufanyia mtihani wa kitaifa, kwani atashusha wastani wa darasa. Nilimkuta stendi ya matatu amekalia sanduku lake. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kwani mimi si wa shule ile?" Nilikosa jibu.

Leo nina jibu. Pale Wassenaar hakuna aliyeweza kujua mapema ni watatu gani wangehesabiwa. Ilibidi wote watano waingie uwanjani, na wawili ambao muda wao haukujumlishwa walipambana katika uwanja ule ule.

Najua wapinzani watasema, "Lakini wale watano walichaguliwa, wazembe waliachwa nje." Ni kweli. Hata sisi tulichaguliwa, bwana! Barua ya kujiunga na kidato cha kwanza ilikuwa uteuzi wetu. Ukishamvika mtu fulana ya timu, usimvue asubuhi ya mashindano.

Wengine watasema darasani hakuna anayeachwa katika hesabu. Hata wa mwisho hujumlishwa. Basi hiyo ndiyo sababu ya kumsaidia. Wenye hesabu watanielewa: aliye na gredi ya A- ana pointi 11, na akijikaza sana atapata 12. Ameongeza moja. Aliye na D ana pointi 3, na akisaidiwa afike C- atakuwa na 5. Ameongeza mbili. Sasa mbona tunamfukuza huyu mwenye pointi nyingi za kutuletea?

Pendekezo langu ni dogo. Tugawane katika vikundi vya watu watano wakati wa prepu. Siku ya zawadi, kikundi kisipimwe kwa alama za wa kwanza wake. Kipimwe kwa alama za wa tano. Mtaona jinsi vigogo wa darasa watakavyomkimbilia yule wanayempita leo kama jiwe la njiani, wamwambie, "Leta daftari, tuanze hapa."

Rafiki yangu anasoma kwingine sasa, na namwombea heri. Ila shule aliyoiacha imepoteza sekunde zake, na haijui.