Mwanamke Pweke na Mbwa Wake: Dhambi Iko Wapi?

Katika miji yetu ya pwani, mwanamke akikaa peke yake bila mume hupewa majina. Akifuga mbwa, huongezewa. Akiyafanya yote mawili, basi huhesabiwa kuwa ameiacha mila na dini kwa pamoja. Mimi nayafanya yote mawili. Nakaa mtaa wa Airport, Changamwe, jirani na Uwanja wa Ndege wa Moi. Umri wangu umepita hamsini, eda ya talaka yangu ilikwisha zamani, na uani kwangu wamo mbwa wawili. Nina raha yangu. Raha hiyo ndiyo iwaudhiyo watu, na leo nataka tuipime kwa mizani ya sharia, si ya barazani.

Tuanze na mbwa, maana huyo ndiye apigiwaye kelele zaidi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mbwa ni najisi nzito: chombo akikiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo nililisoma chuoni nikiwa mtoto, na sina neno juu yake. Tumefunzwa pia kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba amfugaye bila ya haja hupungukiwa na thawabu kila siku. Lakini Hadithi zimewatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Je, wa kulinda nyumba? Imamu Nawawi, mwenye kitabu cha Minhaji wanachokijua masheikh wetu wote, aliona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu, kwa kuwa haja ni ile ile ya ulinzi.

Mwanamke aliye peke yake nyumbani, kama hana haja ya ulinzi, ni nani aliye nayo? Mbwa wangu hawaingii ndani. Kibanda chao kiko uani, sahani yao ni mbali, na nguo yangu ya kuswalia haipiti kwao. Kikavu kikigusa kikavu hapana najisi. Na nikirambwa mkono, maji ninayo na udongo haukosi. Kila mwaka huwapeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, maana maradhi hayo yaua, na Kenya tangu 2014 imejiwekea mpango wa kuyamaliza ifikapo 2030. Wahenga walionya kuwa ukimzoea mbwa atakufuata msikitini. Wangu wanajua mwisho wao ni kizingitini.

Na kizingitini ndipo alipolala mbwa wa Watu wa Pangoni, amenyoosha miguu yake, katika Sura ya Kahfi tunayoisoma kila Ijumaa. Mola alimtaja katika Kitabu Chake, nasi twamtupia mawe. Tumesahau kisa cha yule kahaba wa Bani Israili, aliyeteka maji kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuwashinda wengi wa wavaao nguo. Wangu hawaniulizi nimetoka wapi. Hufurahi tu kwamba nimerudi.

Sasa tuje kwenye mume. Ndugu zangu wa kiume wataka niolewe, ama nihamie kwao ili nisiwaaibishe. Ndoa ni suna tukufu, sikatai. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa ana haki zaidi juu ya nafsi yake, wala haozwi bila ya idhini yake. Rabia wa Basra aliishi bila mume, na hadi leo twamtaja kwa heshima. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, hakuacha mtoto, walakini jina lake lilizunguka dunia. Na huyo Imamu Nawawi, tunayemfuata katika mambo ya nikaha, yeye mwenyewe hakuoa mpaka alipokufa mwaka 1277. Sijasikia mtu barazani akiuliza ana kasoro gani. Mwanamume akikaa pweke husemwa ameshughulishwa na elimu. Mwanamke husemwa amekosa mtu.

Sisemi mbwa ni badala ya mume au mtoto. Nasema upweke si msiba kwa kila mtu. Alfajiri ndege zikinguruma, mbwa husimamisha masikio, nami natia udhu. Mchana naandika. Usiku nasoma mpaka usingizi unichukue, wala hapana wa kunihesabia chumvi ya mchuzi. Aliye na neno juu ya ibada yangu na alilete kwa dalili. Asiye na dalili, jawabu lake ni hili:

Mlango nimeufunga, kwa salama nimelala,
Wawili wananikinga, na mwivi hana mahala,
Acheni kunisimanga, nami sikuacha swala,
Riziki Mola hupanga, nami nashukuru Jalla.