Tundu la kamera na uso wa mama aliyekimbia vita

MIKELENGE, KINDU – Mtu mwenye kamera akiingia katika kiwanja cha jamaa iliyopokea waliokimbia vita, watoto ndio wanafika kwanza, halafu mama anatafutiwa kiti. Anaulizwa jina, alikotoka, wangapi wamebaki njiani. Ni mara chache anaulizwa kama anataka nyumba iliyo nyuma yake ionekane. Jambo hilo limekwisha kuamuliwa bila yeye, na limeamuliwa na tundu lililo ndani ya lensi.

Tundu hilo, wenye kazi wanaliita diafragma. Linafunguka na kujifunga kama mboni ya jicho la paka. Namba zake zinachanganya watu kwa sababu zinakwenda kinyume: 2 ni tundu wazi sana, 16 ni tundu dogo. Kutoka 2 unakwenda 2,8, kisha 4, 5,6, 8, 11, 16, na kila hatua inapunguza mwangaza kwa nusu. Lakini kila hatua inaongeza pia urefu wa eneo linaloonekana safi mbele na nyuma ya mtu. Chukua kamera ambayo kipande chake cha kupokea picha ni kipana sawa na filamu ya zamani ya milimita 35, uweke lensi ya milimita 50, na mama akae mita 2 mbele yako. Kwa namba 2, sentimita 20 tu hivi ndizo zitakuwa safi. Akiinamia mtoto wake, amekwisha kuingia ukunguni. Kwa namba 8 eneo linakaribia sentimita 80, na kwa 16 linapita mita moja na nusu.

Wapiga video za ndoa wanapenda namba 2. Bibi arusi anang'aa, taa za nyuma yake zinageuka mipira ya rangi. Ni sawa, ni sikukuu. Shida inaanza pale mtindo ule ule unapopelekwa kwa mkimbizi wa ndani: uso mmoja, machozi, na nyuma ukungu mtupu. Picha hiyo inaweza kuwa ya Mikelenge, inaweza kuwa ya popote duniani. Haionyeshi kwamba nyumba ya vyumba viwili inalaza jamaa tatu, wala kwamba sufuria moja ya sombe ndiyo inayongojewa na wote. Mwenye nyumba aliyegawa mkeka wake na chakula chake amefutwa kabisa. Wakubwa wakitazama, wanahurumia, lakini hawaoni kinachokosekana. Na akitokea mbishi akasema video ni ya inchi nyingine, atajibiwa kwa kitu gani?

Dieudo Hamadi, mtengeneza filamu wa Kisangani, alifanya tofauti. Aliwafuata walemavu wa Vita vya Siku Sita, pale majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani mwezi wa sita mwaka 2000. Walishuka mto kwenda Kinshasa kudai fidia yao. Ni mto huu huu ambao Kindu inauita Lualaba. Filamu hiyo, En route pour le milliard, ilichaguliwa kwa tamasha la Cannes la mwaka 2020. Miguu ya bandia, mvua, mashua iliyojaa, abiria wengine: vyote vimo, na nguvu yake iko hapo. Ukiondoa ile mashua, unabaki na watu wanaolalamika tu.

Kuna wanaosema heri ukungu, unamlinda mtu. Hapo wanakosea, na kosa hilo ni la hatari. Ukungu wa lensi unaficha mahali na kuacha uso, wakati shahidi aliyewaona wenye silaha anahitaji uso wake ndio ufichwe. Huyo anafaa kurekodiwa mikono yake tu, au aketi mbele ya mlango wenye mwangaza mkali abaki kivuli. Hata sauti yake, wanaomjua wataitambua. Wengine wanasema watafunika uso baadaye kwenye kompyuta. Lakini sekunde moja ya video ina picha 25. Mtu akigeuza kichwa ghafla, picha moja ikapita bila kufunikwa, anayemtafuta atasimamisha video hapo hapo.

Simu ni hadithi nyingine. Simu nyingi haziwezi kubadilisha tundu. Hata ikiandikwa 1,8, lensi yake ni fupi mno, tundu lenyewe ni milimita chache tu, kwa hiyo karibu kila kitu kinatoka safi: bango la kanisa, jirani anayepita, mtoto dirishani. Ule ukungu wa simu mara nyingi ni hesabu ya programu, nayo inakata sikio au kipande cha kitambaa cha kichwa. Mwenye simu achague kwa miguu yake. Akihitaji kuficha mahali, ageuze kiti, ukuta mtupu uwe nyuma ya mama.

Kwa wenye kamera, jua la Kindu lenyewe linasaidia. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, kila picha ikichukua sehemu ya hamsini ya sekunde, jua la mchana linadai tundu la 22 hivi. Anayetaka 2 lazima apunguze mwangaza mara 128 kwa kioo cheusi mbele ya lensi. Kivulini chini ya mwembe, 5,6 au 8 inatosha, na mama, watoto na mlango wa nyumba vyote vinaonekana. Jioni ndani ya nyumba, kwa taa ndogo ya sola, tundu halina budi kufunguliwa wazi, na uso unaingia na kutoka ukunguni. Basi mahojiano yafanywe mchana, yasisubiri usiku ili mama aonekane na huzuni zaidi.

Na mama aliyeketi kwenye kile kiti anaweza kuomba aonyeshwe skrini kabla mgeni hajaondoka. Aangalie kwanza nyuma ya kichwa chake, si uso wake. Akiona mlango, jirani au mtoto asiyetaka aonekane, aseme ifutwe na ianzwe upya.