Boda ya umeme imegoma? Usikimbilie kulaumu betri

Taa zinawaka, chaji ipo, lakini ukivuta mafuta (jina limegoma kubadilika) kimya. Anza na stendi ya pembeni na breki. Pikipiki nyingi za umeme zina swichi ndogo hapo: stendi ikiwa chini, au swichi ya breki ikikwama kwa tope, mota haipati umeme kabisa. Fundi wa mtaani anaimaliza hiyo fasta.

Ngoma nzito iko kwenye programu. Ukikodi betri, betri si yako, na mfumo unaweza kuizima kutoka mbali malipo yakichelewa. Hapo spana haisaidii.

Umoja wa Ulaya uliliona hili. Mwaka 2024 ulipitisha sheria ya haki ya matengenezo inayogusa pia skuta na baiskeli za umeme: mtengenezaji haruhusiwi kutumia programu kuzuia ukarabati bila sababu halali. Huku kwetu boda ni mkate wa siku, si ya kwenda nayo kunywa kahawa. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba muulize muuzaji: ikizimika saa nne usiku, abiria yuko nyuma, nani anaiwasha?